Aliyetuchagulia Baiskeli

Kabla hajaitazama baiskeli, aliiangusha. Aliinua magurudumu yote mawili kimo cha kiganja kutoka ardhini, akaiachia, kisha akainamisha kichwa na kusikiliza. Muuzaji wa pale kituo cha Kawangware 46, ambaye alipokea baiskeli za mitumba kutoka ng'ambo na kuzitundika kwa kamba kwenye mbao za kibanda chake, alifumba macho kila mara. "Mwalimu, utaniharibia biashara," alimlalamikia. Mwalimu hakujibu, maana alikuwa anasikiliza. Kama cheni ililegea, kama spoki ilicheza kwenye rimu, alisikia, akahamia baiskeli ya pili bila hata kuuliza bei ya ile ya kwanza.

Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu ya mtaa wa Kianda, Nairobi, na hakuwahi kufundisha shule yoyote. Mchana alipiga randa mbao za vitanda kwenye karakana za kando ya Ngong Road. Sote tulimwita Mwalimu, hata wasioimba, na yeye alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Alto. Nilikuwa Alto kanisani, Alto kwenye foleni ya maji, na Alto mbele ya mama yangu siku alipokuja kunitembelea kutoka kwetu Seme na kutaka kujua ni mwanamume gani huyo anayejitwika kazi ya kunipa jina jipya wakati yeye alikwisha kunipa moja zuri. Mwalimu alimwamkia kwa heshima zote, akamsikiliza anavyozungumza, kisha akaniambia kwamba kipaji nimekitoa kwa mama, kwa sababu naye ni alto, ila hajui. Mama alirudi Seme akimsifu. Alisahau kabisa kwamba alikuja na malalamiko.

Sikumbuki nani alimwanzishia mambo ya baiskeli. Nilipojiunga na kwaya tayari ilikuwa desturi: ukitamka tu kwamba unafikiria kununua, umekwisha. Jumamosi inayofuata ungemkuta mlangoni pako ameshanyoa, amevaa shati la kanisani, tayari kwenda nawe Kawangware. Na hakukuacha ununue haraka. Njiani alikuuliza maswali matatu. Utaenda nayo wapi kila siku? Utapanda nayo kilima gani? Na utamsalimia nani nayo? Mtu akijibu la kwanza tu, kwamba anataka ya kwendea kazini basi, Mwalimu alisikitika. Alisema baiskeli ya kazi peke yake utaichukia, kwa sababu itanuka kazi. Ya mazoezi peke yake utaiacha mvua ya kwanza ikinyesha. Ya safari peke yake itakaa ukutani ikingoja Krismasi. Kwa hiyo mtu wa mapato yetu, na vyumba vyetu vya kukaa kwa kukunja miguu, atafute moja inayoweza yote matatu, na ailee.

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Nilishona sare za shule katika duka moja la Kawangware 46, na kutoka Kianda nilitembea kwenda na kurudi, nikipita Jamhuri, nikavuka Ngong Road, nikapanda Naivasha Road na vumbi lake lote. Nilifika nimechoka na kukaa kwenye cherehani hadi jioni. Nesi wa kliniki alinipima presha, akanitazama kama mtu anayetazama sufuria inayotaka kufurika, akasema nitafute mazoezi. Nilimwambia natembea kila siku. Akasema kutembea kwangu ni kwa hasira, hakusaidii.

Nilipofika kwa yule muuzaji nilikuwa nimeshaamua. Kulikuwa na nyekundu moja, mpya machoni, yenye springi mbele na matairi mapana yenye meno. Muuzaji aliona macho yangu yalipokwenda. "Madam, hiyo ndiyo yako," akasema. "Iko na shoki, iko na gia mob, hata huwezi zimaliza, inakaa poa." Mwalimu aliiangusha. Haikutoa sauti yoyote ya makosa, nikafurahi. Lakini alitikisa kichwa.

"Springi ni ya kuringa," aliniambia. "Wewe unaenda job, hauendi kuruka mawe. Kila ukikanyaga, nusu ya nguvu inaishia kwa hiyo springi."

Alinipeleka kwenye moja ya kijani iliyofifia, rangi ya mboga iliyolala. Matairi yake yalikuwa ya wastani, upana wa vidole viwili: hayakuwa membamba ya kuogopa mashimo, wala mapana ya kung'ang'ania lami. Usukani ulikuwa umenyooka, wa kukufanya ukae mgongo wima na kuona magari. Ilikuwa na madigadi ya kuzuia matope yasiruke mgongoni, na keria ya nyuma ya kufungia mzigo. Gia zake zilikuwa chache lakini kulikuwa na moja nyepesi sana. Muuzaji alicheka, akasema hiyo ni baiskeli ya mzee wa kupeleka barua, hata yeye alikuwa ameitundika nyuma ili isimwaibishe.

Hapo ndipo nilipojua jaribio lake la pili. Alinipeleka kwenye kiinuko kimoja cha kutoka mtoni, karibu na kibanda, akasimama juu, akaniamuru nipande kutoka chini huku nikiimba ubeti mmoja mzima wa wimbo tuliokuwa tunaufanyia mazoezi. Ukiweza kuimba kilimani, alisema, baiskeli inakufaa. Ukikata pumzi kabla ya kiitikio, ama gia ni nzito, ama kiti kiko chini, ama umedanganywa. Nilipanda na ile nyekundu kwanza, nikakata pumzi kwenye mstari wa pili. Vijana waliokuwa wameketi kwenye mawe wakaniuliza kama niko sawa. Nilipanda na ile ya kijani, na kwa gia ile nyepesi nikafika juu nikiimba, sketi imepandishwa juu ya suruali ya dada yangu niliyekaa naye, jasho linanitiririka, na wale vijana wakapiga makofi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele ya watu.

Akina mama wa sopranu walisema maneno yao kuhusu mwanamke kupanda baiskeli. Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akawauliza kama sauti zao hutoka kwenye sketi. Mwaka uliofuata wawili kati yao walikuwa na baiskeli, na mmoja aliipita yangu kila asubuhi bila kunisalimia.

Sasa niseme jambo la tatu, kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote. Baiskeli aliyokuchagulia haikuwa yako siku ulipoilipia. Ingekuwa yako siku utakapoiendesha mbali, kwa mtu ambaye hakukutarajia, umsalimie, naye akupe maji ya kunywa. Mwalimu aliita hilo kuibatiza. Ilibidi iwe mbali kiasi cha kuchoka, na ilibidi usimwarifu mwenyeji, kwa sababu mtu akijua unakuja atapika, na chakula cha maandalizi hakikuonyeshi chochote. Maji ndiyo yanayokuambia kama bado una watu huko. Mmoja wetu alibatiza yake Limuru kwa shangazi aliyekosana naye. Mwingine alikwenda Ngong kwa rafiki wa zamani, akakuta amehama, akapewa maji na mpangaji mpya, na Mwalimu alikaa wiki nzima akifikiria kama hiyo inahesabika. Mwishowe akaamua inahesabika, tena zaidi.

Mimi sikuibatiza yangu. Kila mara kulikuwa na sare za kumaliza. Ila niliendesha kwenda kazini na kurudi, na miezi michache baadaye yule nesi alinipima mara mbili akidhani kifaa chake kimeharibika.

Huwezi kusema kwamba mtu huyu alifuata mafundisho yake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Aliyewakataza wenzake kelele alipanda blekmamba kuukuu, ile baiskeli nyeusi nzito ya wazee, bila gia hata moja, na keria aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya kitanda. Ilipiga kelele hata tukamsikia akiwa bado kituo cha Olympic. Tulipomtania alijibu kwamba yake bado anaitafuta. Alikuwa akiitafuta tangu kabla sijamjua. Kila Jumamosi aliangusha baiskeli za watu pale 46, na nyingine zilikuwa nzuri, muuzaji mwenyewe alimwekea kando mara nyingi, lakini yeye alipata kasoro. Wanasema mchagua jembe si mkulima, na muuzaji hakuchoka kumkumbusha. Wala hakuwahi kubatiza hiyo blekmamba. Mke wake aliishi Machakos na watoto, na yeye alikwenda kwa basi kila mwisho wa mwezi, akiiacha baiskeli imefungwa kwa cheni kwenye korido ya ploti. Mtu aliyetufukuza kwenda Limuru na Ngong hakuwahi kuendesha kupita Athi River.

Kulikuwa na mengine. Alishika mapigo ya wimbo bila kukosea hata nukta, na kuchelewa kwenye kila mkutano. Alitukataza sukari kwa ajili ya koo, na mfukoni mwake mlikuwa na peremende ambazo alidhani hatuzijui. Aliogopa mbwa kupita kiasi. Mbwa mdogo wa mwenye duka la Kianda alimfanya azunguke ploti nzima, huku akieleza kwamba anapenda kutembea. Na hakuweza kunyamaza mtu akiimba vibaya, hata kwenye mazishi. Niliwahi kumwona ameshika bega la mfiwa, anamfariji kwa dhati, na kwa mkono mwingine anawaonyesha besi washushe.

Alikuwa Mkamba, na mimi ni Mjaluo. Kwenye kwaya kulikuwa na Waluhya, Wakikuyu wachache, Wakisii. Nayaandika haya sasa kwa sababu ya yaliyokuja, lakini kabla ya hapo nilikuwa nikimhesabu kama mtu wa kelele na peremende, wala si kama Mkamba.

Desemba ya mwaka ule wa uchaguzi tulifanya mazoezi ya Krismasi vizuri kiasi. Ila Mwalimu aliona kabla yetu kwamba watu walikuwa wameanza kukaa kwa makabila. Sopranu wa huku walijisogeza huku, na wa kule kule. Hakuhubiri. Alisema tu kwamba sauti zinagongana, akatupanga upya, na alipomaliza kila mtu alikuwa ameketi karibu na yule asiyetaka kuketi naye. Tuliimba Krismasi hivyo. Ilikuwa mara ya mwisho.

Matokeo yalipotangazwa mimi nilikuwa Kawangware. Nilikuwa nimekwenda kumalizia sare za Januari, na ghasia zikazuka, njia ikafungwa, nikalala dukani kwa bosi wangu siku nyingi, baiskeli yangu ndani pamoja nami. Kawangware nako kulikuwa kukiungua kwa namna yake. Habari za Kianda nilizipata kwa simu kutoka kwa dada yangu, vipande vipande, kila salio lilipopatikana. Watu wa Ukambani walikuwa wamehesabiwa kuwa upande wa waliotangazwa washindi, kinyume na mtaa wetu. Mwalimu alikataa kuondoka. Alimwambia dada yangu kwamba hakuna nyumba katika mtaa ule isiyo na mtu ambaye yeye alimfundisha kuimba au kumchagulia baiskeli, sasa nani atamfukuza?

Walimfukuza mchana. Lilikuwa kundi la vijana, wengine wageni, wengine si wageni. Wakamwambia atoke kabla hawajarudi. Alitoka na begi moja, kwa miguu. Blekmamba aliiacha kwenye korido imefungwa, kwa maana alidhani angerudi wiki ile.

Niliporudi Kianda nilipita kwenye barabara ya Olympic nikisukuma baiskeli yangu, na pale palipokuwa na kizuizi cha mawe na matairi yaliyoungua nikaona fremu nyeusi iliyopindika. Niliitambua kwa keria yake ya vyuma vya kitanda. Nilisimama pale. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya. Waliofanya hivyo walikuwa na baiskeli nyingi za kuchukua, na wakachukua ya mtu aliyetutafutia zetu.

Kwaya ilirudi baada ya viongozi wa pande mbili kupeana mikono na ghasia kuisha, lakini ilirudi nusu. Sopranu mmoja alisimama mbele na kujaribu kutuongoza. Simu ya Mwalimu haikupatikana. Yule muuzaji wa 46 ndiye aliyenipa habari, na sauti yake haikuwa na utani wowote.

"Alipita hapa, madam. Alikaa kwa cousin wake kidogo, kisha akaenda kwao," aliniambia. "Alipita mbele yangu na hakuangusha hata moja."

Alikuwa ametuachia ujumbe kwa huyo muuzaji: tutafute mwalimu mwingine. Niliupeleka kwa wenzangu. Baadhi walisema ni haki yake. Wengine walisema tumwombe msamaha kwa simu, kama ingepatikana. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo moja tu, mchana na usiku: je, mmoja wetu akifika mlangoni kwake, atampa maji?

Agosti, shule zilipofungwa na kazi ya sare ikapungua, nilimwambia dada yangu naenda kuibatiza baiskeli yangu. Aliponiuliza wapi nikamwambia Machakos. Alisema nimepata wazimu. Kisha akanifungia chapati na kunipa ile suruali yake iwe yangu kabisa.

Nilitoka alfajiri. Nimeshaona watu wakisimulia safari za namna hii kwa majivuno, kwa hiyo nitasema tu kwamba Mombasa Road ina malori, na malori ya saruji ya Athi River yana upepo wake, na kila lilipopita nilishuka kando ya barabara na kumwomba Mungu. Lakini baiskeli ile ya kijani haikunisaliti. Mgongo ulikuwa wima, mzigo mdogo ulitulia kwenye keria, na tairi za vidole viwili zilipita kwenye lami na kwenye changarawe bila manung'uniko. Jua lilikuwa kali nilipofika njia panda ya Kyumvi, pale unapoiacha barabara ya Mombasa na kupinda kushoto kuelekea Machakos. Nilikula chapati pale, nikaulizia njia ya kijiji chake, alichokuwa akitutajia, nikaendelea. Kwenye vilima vya mwisho nilitia ile gia nyepesi, nikaimba. Hakuna aliyenipigia makofi isipokuwa mbuzi waliokimbia.

Sikuwa na pa kulala isipokuwa kwake. Hilo nililifahamu vizuri zaidi kila jua liliposhuka kidogo. Kama angenikataa, ningerudi mjini Machakos kutafuta kanisa au kituo cha polisi cha kukaa nje yake hadi asubuhi.

Mke wake alikuwa uani akipepeta maharagwe. Tulikuwa hatujaonana kamwe. Nilimwamkia na kumwambia nimetoka Kianda, na ungo ukasimama mikononi mwake. Alinitazama, akaitazama baiskeli, kisha akanielekeza kiti. Hakuniletea maji. Nilielewa kwamba hilo aliliachia mwenye ugomvi. Alimtuma mtu shambani, na tukakaa, yeye na maharagwe yake, mimi na midomo mikavu.

Mwalimu alikuja amebeba jembe. Alikuwa amekonda na ameacha ndevu zikue, na hazikumfaa. Nilisimama. Hakunipa mkono. Alienda moja kwa moja kwenye baiskeli niliyokuwa nimeiegemeza ukutani, akaishika kiti na usukani, akainua magurudumu yote mawili, akaiachia. Akainamisha kichwa.

"Keria inalia," akasema.

"Ni barabara ya Athi River, Mwalimu."

Alipapasa chini ya keria akapata nati iliyolegea, akaikaza kwa vidole, akasimama akiwa bado amenipa mgongo. Kisha akaniuliza bila kugeuka nani amenituma.

"Hakuna aliyenituma. Nimekuja kunywa maji."

Aliijaribu ile nati tena. Mke wake aliacha kupepeta.  Ndipo Mwalimu akauliza kuhusu blekmamba, kama ni kweli waliichoma. Nikamwambia ni kweli, nimeiona mwenyewe.

"Ilikuwa na kelele sana, hiyo," alisema Mwalimu, na sauti yake ikavunjika katikati, mtu aliyetufundisha kushika noti hadi mwisho.

Aliingia ndani mwenyewe. Alitoka na kikombe cha bati kimejaa hadi ukingoni, akakileta kwa mikono miwili ili kisimwagike, akanipa. Nilikunywa yote. Aliniuliza kama naongeza, nikamwambia naongeza, akarudi ndani akaleta tena. Baada ya hapo mke wake akainuka na kuanza kupika.

Jioni ile hakuzungumza sana. Aliuliza nani anaongoza, nikamwambia, akaguna. Aliuliza kama besi wanashusha, nikamwambia wanashusha hata pasipohitajika. Alicheka kidogo. Alipotoka kwenda kufunga ng'ombe, mke wake alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akafunua magunia. Chini yake kulikuwa na baiskeli ya kijivu. Usukani umenyooka, matairi ya vidole viwili, madigadi, keria imara, gia chache na moja kubwa nyuma kwa ajili ya vilima. Niliiinua na kuiangusha. Haikutoa sauti hata kidogo.

"Aliipata hapa sokoni, mwezi ule tu aliporudi," mama yule aliniambia. "Miaka yote anatafuta, anatafuta. Sasa ameipata, anaifunika na gunia. Nikimuuliza, anasema haina mahali ya kwenda."

Sikumwambia Mwalimu kwamba nimeiona. Lakini asubuhi nilipotoka nje kufunga mzigo wangu niliikuta imeegemezwa kando ya yangu, imefutwa vumbi, na yeye amenyoa. Alisema atanisindikiza kidogo, hadi mahali njia inapokuwa nzuri. Mke wake alitutazama kutoka mlangoni, kisha akaja kufunga chupa kubwa ya chai kwenye keria ya mumewe, na kwa kusindikiza kidogo ile ilikuwa chai nyingi.

Njia ikawa nzuri, naye akaendelea. Tuliteremka vilima, yeye mbele, mimi nyuma nikiisikiliza baiskeli yake isiyosema kitu. Mahali pamoja mbwa alitoka kwenye boma akibweka, na Mwalimu alikanyaga pedali kwa namna ambayo sikujua anaweza. Nilicheka hadi nikashindwa kuendesha. Aliponingoja mbele aliniambia alikuwa anajaribu gia.

Tulifika Kyumvi malori yakiwa yameshaanza kuwa mengi. Nilishuka ili tuagane. Nilimshukuru kwa maji na kwa kitanda, nikamwambia wenzangu watafurahi kusikia ni mzima.  Alikuwa ameweka mguu mmoja chini, anaitazama ile barabara upande wa Nairobi, na mikono yake ilikuwa imekaza usukani.

"Hii yangu bado haijabatizwa," akasema.

Nilingoja. Lori lilipita, likatupulizia vumbi, na alifuta macho yake, sijui kwa vumbi au kwa nini.

"Huko Kianda siku hizi kuna maji?"

Mifereji ilikuwa mikavu tangu wiki iliyotangulia, na alijua mtaa ule vizuri kuliko mimi.

"Tutayatafuta, Mwalimu," nikamwambia.

Akatia gia, akatangulia.